Weka Sikio Mzingani

Kasulu, 14 Januari 2024

Kaka Marcel,

Nakusalimu wewe, wifi Rosa na mwanangu Winnie. Sisi hatujambo kwa kadiri ya mvua hii. Barabara ya kwetu imekuwa tope tupu, na Lusajo anakwenda shuleni kabeba viatu mkononi, utadhani mwanafunzi, si mwalimu wa fizikia. Wanyakyusa wanajidai kujua mvua, lakini ya Kasulu imemshinda huyu mume wangu. Maharage uliyotuma kupitia dukani kwa Hamis yamefika. Mwambie gunia lilitobolewa na panya wake, na kwamba wamenenepa kwa jasho lako.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Kila nikimtuma Lusajo akupigie simu, anapokea Rosa, anasema spika ya simu yako imekufa. Haya, mimi kiziwi na simu yako kiziwi, basi tuandikiane.

Ndiyo, kaka, sikio la kulia nalo limekwisha. La kushoto unajua liliondoka na ule uvimbe walioutoa miaka minne iliyopita. Hili lilikuwa linanisaidia kidogo hadi Desemba. Asubuhi moja nikamwona Lusajo anafungua mdomo na hakitoki kitu, nikadhani ananitania, nikamtupia kitambaa. Mwalimu mkuu amenitoa darasani, amenipa stoo ya vitabu. Miaka kumi na mmoja nimefundisha darasa la tatu, leo napanga vitabu vilivyoliwa na mchwa. Sitaki kuhurumiwa. Nataka kelele za watoto wangu.

Daktari wa Dar anasema kile kifaa wanachoweka ndani ya sikio hakinifai, maana kilichoharibika ni mshipa unaopeleka sauti kwenye ubongo. Ni kama kubadilisha balbu wakati waya umekatika. Kwa hiyo watauruka waya. Watafungua kichwa nyuma ya sikio, watoe uvimbe wa pili, halafu walaze kwenye shina la ubongo kipande kidogo kuliko ukucha, chenye vitone kumi na viwili vya umeme. Nje navaa mashine. Inanasa sauti, inaipitisha ngozini, vitone vinaugusa ubongo. Kuna madaktari wageni watakuja Julai kufanya kazi hiyo na wa kwetu. Watachukua wagonjwa wawili, na jina langu limo.

Baba hayupo, kwa hiyo baraka naiomba kwako. Na kuna jambo la pili. Daktari anasema ugonjwa huu unatembea katika damu. Alinichorea: baba juu, mistari miwili chini, mimi na wewe. Kwangu akaweka mkato, kwako alama ya kuuliza. Anataka upigwe picha ya kichwa Mwanza. Unakumbuka baba alivyokuwa akikuchukua mizingani ukiwa mdogo? "Weka sikio. Wamo?" Nawe unajibu, "Wamo, baba." Sisi tulidhani anakufundisha kazi. Alikuwa hasikii, Marcel. Alikuwa anatumia masikio yako.

Nijibu upesi, tafadhali.

Mdogo wako,
Elieth


Kitahana, 2 Machi 2024

Elieth,

Mwakeye, mdogo wangu, nakusalimu kwa lugha ya nyumbani. Nimechelewa, lakini mwenye kosa ni Hamis, barua yako ililala wiki tatu chini ya maboksi ya sabuni. Kuhusu panya anasema si wake, walipanda basi wakitokea kwenu Kasulu.

Sisi wazima. Mahindi yamenifika kifuani. Mihogo ya bondeni imeliwa na nguruwe pori, nao nitakutana nao. Winnie yuko la sita, amekuwa wa nne kati ya themanini. Jumamosi hakai nyumbani, ananifuata mizingani. Mtoto yule ana akili ya nyuki.

Sasa hilo la kufungua kichwa. Nimelisoma mara tatu, nikaiweka barua juu ya kabati, nikaishusha tena. Mtu atembee na umeme kwenye ubongo? Radi za huku unazijua. Mwaka juzi ilipiga Kitahana hapa, ikaua mbuzi sita chini ya mti mmoja. Hao madaktari wako wameziona radi zetu, au wanasoma tu vitabuni? Kukosa kusikia si kufa. Una mume anayekupenda, una mshahara, unajua kusoma. Kaa hivyo hivyo.

Baba alikuwa na kizunguzungu, akaanguka. Watu huanguka.

Nimekutumia asali lita tano. Usimpe Lusajo yote aweke kwenye chai.

Kaka yako,
Marcel


Kasulu, 20 Machi 2024

Kaka Marcel,

Asante kwa asali. Lusajo amekunywa chai nne kwa siku moja, na anasema shemeji yake aishi miaka mia.

Radi nimemwuliza daktari, kwa kuandika. Alicheka mpaka akashika meza, halafu akaona mimi sicheki. Akaandika kwamba mashine ya nje navua nikitaka, na kwamba wale mbuzi sita hawakuwa na kitu kichwani. Umeridhika?

Unasema nikae hivi hivi. Jana nilivuka barabara pale sokoni na pikipiki ikapita nyuma yangu ikanikata kisigino cha kandambili. Sikujua kitu mpaka nilipoona watu wameshika vichwa. Nyumbani nageuka geuka kama kuku mgeni. Nikiwa jikoni naogopa mlango, nikiwa mlangoni naogopa sufuria. Halafu humu kichwani hakuna kimya, kaka, kuna mvumo usiozima, kama mzinga uliotikiswa. Nisingehangaika hivi kama ningekuwa nimepewa ukimya wenyewe.

Na umeruka aya yangu ya mwisho, kama mwanafunzi anayeruka swali gumu akidhani mwalimu hataona. Nimeona. Utakwenda Mwanza lini?

Elieth


Kitahana, 19 Mei 2024

Elieth, mwalimu wangu mkali,

Mwakeye. Rosa anakusalimu, Winnie pia, anauliza kama shangazi atarudi na waya unaoning'inia. Nimempiga marufuku maswali.

Baraka umeipata. Niliwaita wazee wa ukoo, tukakaa nusu siku, tukanywa pombe ya ndizi ya mtu mzima. Baba mdogo alikataa kabla ya pombe na akakubali baada yake. Mwisho mimi ndiye niliyesema aende, kwa sababu ya hiyo pikipiki. Siku hizi nikilala naiona. Nenda, mdogo wangu, Mungu akushike kichwa hicho. Dar sitafika, ni msimu wa kurina.

Nikuchekeshe kidogo. Jumatano nilitaka kushusha mzinga mmoja wa zamani wa jirani yetu Niyonzima, tuutengeneze. Nikaugonga, nikaweka sikio, kimya. Mtupu. Nikaufungua mchana kweupe, bila moshi, bila kofia. Ndugu yangu! Wamejaa mpaka mlangoni. Niyonzima alikimbia akaniacha, nami nilikimbia nikampita. Nimechomwa miiba thelathini na tisa, Rosa aliitoa akihesabu kwa sauti kama karani wa sensa. Jicho moja lilifungika siku tatu. Hawa nyuki wa siku hizi wana hila, wananyamaza makusudi. Winnie angekuwepo, lakini alikuwa shule.

Marcel


Kasulu, 9 Juni 2024

Kaka,

Pole sana na nyuki. Asante kwa baraka, niliisoma nimekaa chini, nikalia, Lusajo akadhani kuna msiba.

Lakini mimi nami ni mtoto wa mrina asali. Nyuki gani wanaonyamaza wakigongwa? Mzinga uliojaa ukiugonga, hata mtu aliyesimama pembeni anausikia. Na Winnie angekuwepo angefanya nini, Marcel?

Naondoka tarehe ishirini na tano. Nikifumbua macho nataka nikute barua yako inasema una tarehe ya Mwanza.

Elieth


Dar es Salaam, 8 Agosti 2024

Kaka Marcel,

Niko hai. Masaa kumi na nne mezani. Uvimbe umetoka, kipande kimewekwa. Hawakiwashi sasa, wanasubiri kidonda kipone. Natembea nikishika ukuta kwa sababu chumba kinazunguka, wanasema kitatulia. Chakula cha hapa hakina chumvi. Vingine ni vizuri.

Lusajo yupo, anasinzia kwenye kiti mdomo wazi. Barua yako sikuikuta.

Elieth


Kitahana, 11 Septemba 2024

Elieth,

Tumeshukuru sana. Rosa alipiga vigelegele, mpaka majirani wakaja kuuliza nani ameolewa. Tumechinja jogoo, yule mwenye kiburi, unamkumbuka.

Mbona Lusajo hatumi picha? Nimemwomba kwa simu ya Rosa mara tatu, anajibu mtandao mbaya. Salamu zake zinapita, picha haipiti? Nataka kukuona.

Mizinga imetoa vizuri. Mwanza bado, kuna mambo mengi hapa.

Marcel


Kasulu, 6 Oktoba 2024

Kaka Marcel na wote nyumbani,

Kimewashwa! Nasikia. Picha hakuna, mpiga picha wa hapa mtaani amehama. Nitakuja mwenyewe, Jumamosi tarehe tisa Novemba, unione kwa macho. Mwambie Rosa asipike kuku, tunywe chai tu tuzungumze, mimi na wewe, kama zamani. Nitakusikia.

Elieth


Kasulu, 17 Novemba 2024

Marcel,

Salamu nilizitoa zote nilipokuwa kwenu, leo niruhusu niingie bila hodi.

Tulikaa siku mbili tukidanganyana. Naanza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeandika "nasikia".

Siku ya kuwasha walinifunga nyaya kifuani za kuangalia moyo. Kitone cha kwanza kikaguswa, koo likawasha. Wakakizima. Cha pili, mguu wa kulia ukaruka wenyewe. Wakakizima. Cha tatu nikahisi kitu ambacho sikujua nikiite nini, kama mtu kagonga kwa ndani. Vimebaki vitone saba vinavyofanya kazi. Lusajo akaongea, nami nikasikia kijiko kinakwaruza sufuria. Nilimwambia ni sauti nzuri. Maneno sisikii, kaka. Daktari alinionya tangu Januari kwamba huenda nisiyapate, kwamba nitapata milio na mapigo, na nikitazama midomo vitasaidiana. Hilo sikukuandikia, kwa sababu ungenikataza. Sikukuandikia pia kwamba mshipa wa uso uliguswa, na upande wa kulia wa mdomo wangu umelala. Ndiyo maana picha haikupita. Nilitaka uone kwanza kwamba natembea.

Sasa wewe.

Nilishuka Kibondo, nikachukua pikipiki, Rosa akanielekeza mizingani. Nikakukuta umenipa mgongo, hatua kumi hivi. Nikapiga magoti kama mama alivyonifundisha, nikapiga makofi ya salamu, yale yetu ya taratibu. Nikayasikia. Makofi yangu mwenyewe, Marcel! Kitu cha kwanza tangu niwashwe ambacho sikuhitaji kuambiwa ni nini. Pa, pa, pa, kama nilivyoyasikia maisha yangu yote. Machozi yakanitoka, nikapiga tena ili nisikie tena, nikawa nangoja ugeuke uniitikie. Hukugeuka. Nikapiga kwa nguvu mpaka viganja vikawaka. Hukugeuka.

Winnie ndiye aliyeniona. Alikuwa ameinama kwenye mzinga ule wa tawi la chini, sikio ameliweka pale, na wewe ulikuwa unamtazama mdomo ukingoja aseme. Akaja akakugusa bega. Ukageuka ukauona uso wangu, nami nikauona wako, na sote wawili tukatabasamu kama watu waliokutana kwenye foleni. Tukanywa chai. Nilikuuliza kuhusu Mwanza, ukanijibu kuhusu mihogo. Rosa aliinuka akatoka nje, na najua alikwenda kulia.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja baba alipoanza kukuchukua. Winnie ana kumi na mbili. Baba aliishi mwaka mmoja na nusu baada ya hapo. Uvimbe huu hauli masikio tu, ukiachwa unakua unausukuma ubongo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe huyafichi yako peke yako. Yule mtoto ana mstari wake chini yako, na alama yake ya kuuliza. Ungekuwa umekaa mbele yangu ningekupiga, mkubwa wangu ulivyo.

Nakupenda. Nina hasira.

Elieth


Kasulu, 5 Januari 2025

Kaka Marcel,

Heri ya mwaka. Hamis anasema barua yangu uliichukua mwenyewe tangu Novemba, ukaisomea hapo hapo kwenye benchi la dukani, ukaondoka bila kuchukua sukari uliyoilipia. Sukari yako ipo.

Mwalimu mkuu amekubali, shule ikifunguliwa nipewe kipindi kimoja, cha hadithi. Nimeshawajaribu watoto wa hapa mtaani: anayetaka kuuliza anapiga makofi mawili, namtafuta aliko, namtazama midomo, namjibu. Wanauliza maswali hata wasiyo nayo, wapate tu kupiga makofi. Uso wangu walishangaa siku moja, ya pili wakasahau.

Siwezi kulala kwa ajili yako. Niandikie hata neno moja.

Elieth


Kitahana, 9 Februari 2025

Elieth mdogo wangu,

Mwakeye, na makofi yale niliyokunyima. Nimeyapiga hapa peke yangu, mara tatu, kabla ya kushika kalamu. Rosa amechungulia akafikiri nimerukwa na akili.

Sikio la kulia lilikufa Mei ya mwaka juzi, miezi minane kabla ya barua yako ya kwanza. La kushoto lilianza kufifia baadaye. Nikimtazama mtu usoni naelewana naye, akigeuka amekwenda. Simu haina ubaya wowote, spika yake nzima. Ulipoandika habari za damu ya ukoo nilijua siku ile ile, nikaikunja barua hapo hapo kwenye benchi la Hamis. Nikajiambia nisipoliandika halipo. Wewe ukaenda kufunguliwa kichwa, mimi mwanaume mzima nikaogopa kupigwa picha. Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo Rosa anavyoniambia, na huwa ananigeukia kwanza ili nimwone akisema.

Nilikuwa naogopa zaidi kitu kingine. Nikienda mimi, lazima na Winnie aende.

Jana nilimpeleka Winnie mizingani. Nikaugonga ule wa Niyonzima, wale wakorofi, safari hii tukiwa na moshi. Nikamwambia weka sikio. Akaweka la kulia, nikamtazama mdomo. "Wamo, baba." Baba yetu alikuwa anaishia hapo, akishapata jibu anapanda. Mimi nikamwambia sasa geuka, weka la kushoto. Akashangaa, hajawahi kuombwa. Akageuka, akakaa pale, akakaa, Elieth, nikawa nashika ule mti kama mlevi. Halafu akacheka kwa sababu wanamtekenya.

"Wamo, baba. Wamo wengi."

Najua hilo halitoshi, ni lazima picha. Barua hii namwachia Hamis kesho alfajiri, na sukari yangu naichukua. Tunapanda basi la Mwanza, mimi na yeye. Nimemwambia akae dirishani, upande wangu wa kushoto.

Kaka yako,
Marcel